Baiskeli ya mlimani ya kaboni kwa bei ya punguzo: mambo ya kuangalia ukiishi Uganda

Tangu 2023 baiskeli za mlimani za kaboni zenye shokapu mbele na nyuma zimekuwa zikiuzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo zamani ingekupatia fremu tupu. Wakati wa korona watu walizigombania, viwanda vikaagiza kupita kiasi, na mzigo ulipofika maghalani wanunuzi walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao. Wiggle na Chain Reaction, maduka makubwa ya mtandaoni ya Uingereza, yaliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Kona nao mwishoni mwa mwaka huohuo waliuza baiskeli mbili kwa bei ya moja. Kwa hiyo ukiona punguzo la asilimia 40, usidhani lazima ni utapeli. Mzigo upo, na wenye nao wanataka uondoke.

Sisi tuliohamia Kampala, Jinja, Mbarara au Fort Portal kutoka Kenya, Tanzania na Kongo tuna hesabu nyingine ya kupiga kabla ya kulipa. Baiskeli ya daraja hili ina vipuri vinavyokwisha: beringi, sili, pedi, mnyororo, kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma). Mnunuzi wa Manchester akivunja kitu Jumamosi, Jumanne kiko mlangoni. Wewe utasubiri wiki kadhaa na kulipia usafiri zaidi kuliko kipuri chenyewe. Ndiyo maana baiskeli hizi zichaguliwe kwa kuangalia kwanza zinakula vipuri gani, halafu ndipo uangalie rangi, jina na asilimia ya punguzo.

Anza na sababu ya kushushwa bei. Modeli mpya imetoka, rangi ya mwaka jana haikupendwa, zimebaki saizi chache: hizo ni sababu njema. Lakini kampuni ikiwa imefunga au inayumba, dhamana ya fremu inaweza kufa pamoja nayo, na dhamana ni sehemu kubwa ya thamani ya fremu ya kaboni. Kumbuka pia kwamba dhamana nyingi ni za mnunuzi wa kwanza tu, mwenye risiti ya muuzaji aliyeidhinishwa.

Saizi zinazobaki kwenye punguzo ni S na XL, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Herufi hazina maana moja kwa kila kampuni. Tafuta kwenye jedwali la vipimo urefu wa mbele (reach), yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa katikati ya krenki hadi katikati ya tundu la juu la bomba la usukani. Mtu wa sentimita 170 kwa kawaida hukaa vizuri kwenye milimita 440 hadi 460, na wa sentimita 180 kwenye 465 hadi 485. Stemu, kipande kinachoshika usukani, ikiwa fupi au ndefu inaweza kurekebisha kidogo. Ikiwa fremu imekuzidi kwa milimita 40, hakuna stemu itakayoirudisha.

Mwendo wa gurudumu la nyuma, yaani umbali linaopanda na kushuka kwa shokapu, wa milimita 120 hadi 140 unatosha kabisa kwa njia za huku: vijia vya msitu wa Mabira, miteremko ya Sipi kwenye Mlima Elgon, vilima vya maziwa ya kreta karibu na Fort Portal. Mwenye milimita 160 anabeba uzito wa bure kila anapopanda, na Uganda kupanda hakwishi.

Sasa kaboni yenyewe. Fremu ya kaboni huwa nyepesi kuliko ya alumini ya modeli ileile kwa nusu kilo hadi kilo moja hivi. Ni faida, lakini wauzaji wanajua neno hilo linavuta macho, kwa hiyo huifunga fremu nzuri kwenye foku (uma wa mbele wenye shokapu) ya bei ya chini na gia za mwanzo kabisa. Ukipewa uchague, kwa bei moja, kati ya kaboni yenye foku ya RockShox Recon, ya daraja la chini, na alumini yenye Pike au Fox 36, za daraja la juu, chukua alumini bila kusita. Foku na shokapu ndizo zinazoshika gurudumu chini. Fremu inazibeba tu. Punguzo la kaboni lina maana pale foku inapokuwa na mfumo wa ndani wa maana, kama Charger kwa RockShox au Grip kwa Fox, na breki zina pistoni nne.

Baada ya hapo fungua orodha ya vipimo na uisome mstari kwa mstari. Hapa ndipo pesa zinapookolewa.

Beringi za krenki: tafuta BSA 73 mm. Hizo zina nyuzi za kukazia kama bolti, na fundi yeyote mwenye chombo chake cha kufungulia atazitoa na kuzirudisha. PF92 zinashindiliwa ndani ya fremu. Tundu la kaboni lisipokuwa na kipenyo sawasawa zinalia kila unapokanyaga, na fundi asiye na presi atachukua nyundo. Nyundo kwenye tundu la kaboni ni mwisho wa fremu.

Ekseli ya nyuma iwe Boost, milimita 148 kwa 12, na ya mbele 110 kwa 15. Super Boost ya 157 si mbaya kiufundi, ila rimu ikipinda ukiwa Kapchorwa hutapata gurudumu la kuazima. Kipande kinachoshika derela ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kwenye gia), kile kinachopinda ili derela isivunjike, kiwe UDH, kipimo kilicholetwa na kampuni ya SRAM mwaka 2019 na kukubaliwa na kampuni nyingi. Baadhi ya baiskeli za punguzo hazina UDH, na zina kipande cha fremu hiyo peke yake. Si sababu ya kukataa, mradi ununue viwili siku hiyohiyo wakati bado vinauzwa. Kampuni ikiacha kuvitengeneza, baiskeli ya mamilioni inasimama kwa kukosa kipande cha alumini cha ukubwa wa kidole gumba.

Kaseti inakaa juu ya mwili wa habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, na miili iko ya aina tatu: HG, Micro Spline ya Shimano na XD ya SRAM. HG ndiyo ya zamani na ndiyo rahisi kuilisha huku. Shimano Deore ya gia 11, yenye kaseti ya meno 11 hadi 51, inakaa juu ya HG, vilevile NX Eagle ya SRAM ya gia 12 yenye 11 hadi 50. Deore ya gia 12 inataka Micro Spline. GX Eagle inataka XD. Watu hucheka gia 11 kana kwamba ni umaskini. Kwa anayeishi Uganda ni chaguo la busara: mnyororo na kaseti vina bei ya chini, na meno 51 yanakupandisha popote.

Shokapu ya nyuma angalia urefu wake na mwendo wa pistoni, kwa mfano 210 kwa 55 au 230 kwa 60, au aina ya trunnion, inayofungwa kwa bolti ubavuni mwake, ya 185 kwa 55. Vipimo hivyo vinauzwa na kampuni nyingi. Ukikuta shokapu iliyotengenezwa kwa fremu hiyo tu, yenye mshikio wa pekee, iache hata kama punguzo ni nusu bei. Bomba la kiti linalopanda na kushuka liwe la waya, si la mafuta. Waya unabadilishwa kwa dakika chache. Ikiwa nyaya na mipira ya breki zinaingia ndani kupitia beringi za usukani, jua kwamba kubadili beringi hiyo ya chini, ambayo matope hula kwanza, huenda kukakulazimu ukate mpira wa breki na kutoa hewa upya.

Beringi za viungo vya fremu zinastahili neno refu kidogo, kwa kuwa hapa Kampala ina nafuu ambayo wengi hawaijui. Fremu nyingi hutumia namba za kawaida za viwandani: 6902, ambayo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7, 6802, ya 15 kwa 24 kwa 5, 6900, ya 10 kwa 22 kwa 6. Pata namba zako kutoka kwenye mwongozo wa fremu na uulize kwenye maduka ya beringi, yanayouza za mota na pampu za maji. Omba zenye alama 2RS, yaani mpira pande zote mbili. ZZ zina kifuniko cha bati na hupitisha maji. Lakini ujue tofauti hii: beringi ya mota inazunguka mzunguko kamili, ya fremu inacheza digrii chache tu huku na huku, kwa hiyo gololi zilezile ndizo zinazobeba mzigo siku zote. Ndiyo maana fremu huja na aina iitwayo MAX, isiyo na kizimba ndani, iliyojazwa gololi tele. Ya kawaida itakuvusha safari, lakini weka seti ya MAX akiba.

Kwenye breki soko letu lina upendeleo wake. SRAM nyingi za miaka iliyopita zinatumia mafuta ya DOT 5.1, ambayo ni ya familia moja na ya breki za magari. DOT 4 pia inakubalika, na inapatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari, soko la Kiseka na kwingineko. Shimano wanatumia mafuta ya madini, ambayo maduka ya magari hayana. Usikubali kamwe fundi akuwekee DOT kwenye Shimano, wala mafuta ya madini kwenye breki ya DOT: sili zinavimba, wenzo wa breki unakwama au unazama hadi kwenye usukani, na utagundua ukiwa kwenye mteremko. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye kifuniko cha wenzo. Soma, kwa sababu SRAM wapya, kama Maven na DB8, wamehamia mafuta ya madini. Pedi za chuma zinadumu zaidi kwenye matope kuliko zile laini, ingawa zinapiga kelele kidogo.

Wengine watanunua mkononi, na soko lipo. Wafanyakazi wa mashirika na balozi wanapomaliza mikataba huuza baiskeli nzuri kwa bei ya kuondokea. Muulize muuzaji swali moja kabla ya yote: iliingia nchini kwa msamaha wa kodi? Kitu kilichoingizwa bila kodi kwa sababu ya hadhi ya mwenye nacho kinadaiwa kodi kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, na usipouliza utabaki nalo deni wewe. Taka pia risiti ya awali yenye namba ya fremu, kisha igeuze baiskeli uone kama namba zinalingana.

Ukaguzi wa kaboni unahitaji mwanga wa jua, kitambaa chenye maji na sarafu. Osha kwanza, udongo mwekundu unaficha nyufa kwa ustadi. Mkwaruzo wa rangi si hoja. Unachotafuta ni mstari mwembamba unaoendelea kuvuka mahali ambapo rangi haikuguswa, rangi iliyoinuka kama lengelenge, au nyuzi nyeusi zilizochomoza. Angalia hasa chini ya bomba la chini karibu na krenki, ambako mawe hupiga, ndani ya mikono ya nyuma ambako tairi lenye matope husaga, nyuma ya bomba la usukani, na mdomo wa fremu unaopokea bomba la kiti. Kisha gonga kwa ukingo wa sarafu, ukisogea sentimita moja moja kuelekea sehemu inayotiliwa shaka. Kaboni nzima inatoa mlio mkavu, mkali. Iliyoachana tabaka inatoa mlio uliokufa, kama katoni iliyolowa. Mlio hubadilika pia panapobadilika unene, kwa hiyo linganisha upande wa kushoto na wa kulia mahali palepale. Pande zikitofautiana, achana nayo. Mafundi wa Katwe wanachomelea chuma kwa ufundi wa kupigiwa mfano, lakini kaboni haichomelewi. Inatengenezwa kwa kusugua tabaka na kuweka nyuzi na gundi mpya, na si kazi ya kujifunzia kwenye bomba linalobeba mwili wako.

Shika pia tairi la nyuma ulitikise pembeni huku mkono mwingine ukiwa kwenye kiungo cha fremu. Ukihisi mchezo, ni beringi au bolti. Bolti inakazwa, beringi zitakugharimu, na bei ishuke kulingana.

Kuhusu kuileta. Katoni la baiskeli lina takriban sentimita 145 kwa 25 kwa 80. Kampuni za vifurushi huzidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5,000, kwa hiyo baiskeli ya kilo 15 inatozwa kama kilo 58. Mizigo ya ndege ikigawa kwa 6,000 unapata kilo 48 na kidogo. Abiria anayekuja Entebbe na katoni lilelile kama mzigo wa michezo hupimwa kwa uzito halisi, mara nyingi kilo 23 au 32, na hiyo ndiyo njia ya nafuu ikiwa kuna ndugu anayesafiri. Aweke nafasi ya baiskeli mapema na shirika la ndege, asijitokeze nalo tu siku ya safari.

Kodi huhesabiwa juu ya bei, usafiri na bima kwa pamoja. Tuseme baiskeli ni dola 2,400, usafiri 350, bima 50: msingi wako ni 2,800. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki unapigwa hapo, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 2,800 pamoja na huo ushuru. Kwa hiyo VAT peke yake haiwezi kuwa chini ya dola 504, na bado kuna tozo nyingine na malipo ya wakala. Mwambie wakala atangaze chini ya kichwa 87.12, baiskeli zisizo na injini. Zenye mota ya umeme ziko 87.11 pamoja na pikipiki, na kosa hapo litakuchelewesha. Ankara iwe ya kweli. Ofisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, akitilia shaka bei anaweza kuipinga, na modeli hizi bei yake iko wazi kwenye simu ya yeyote.

Ikishafika, pima mzamo, yaani kiasi shokapu inavyozama kwa uzito wako, kabla ya kuendesha. Kwenye pistoni ya shokapu kuna kipete cha mpira. Kisukume hadi kwenye sili, panda taratibu ukiwa na mkoba wako wa maji, keti bila kudunda, shuka taratibu, kisha pima kilivyosogea. Pistoni ya milimita 55 ikizama 16 hivi, uko kwenye asilimia 30, mahali pazuri pa kuanzia. Foku iwe asilimia 15 hadi 20. Utahitaji pampu ya shokapu yenye geji. Pampu ya miguu na kompresa ya kituo cha petroli hazifai.

Tairi la 29 kwa 2.4 lisilo na tyubu linataka mililita 90 hadi 120 za silanti, maji ya kuziba matundu, na kwa joto la huku hukauka ndani ya miezi miwili mitatu, kwa hiyo tikisa gurudumu usikilize kama bado kuna maji. Vali ni nyembamba, aina ya Presta. Kiunganishi kidogo cha shaba kitakuwezesha kutumia pampu za mafundi wa bodaboda barabarani.

Vumbi la murram likichanganyika na mafuta mazito ya mnyororo linakuwa msasa. Kiangazi tumia ya nta au nyepesi, ukifuta yanayobaki nje. Ya mvua yaweke kwa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mnyororo wa gia 12 ukifika asilimia 0.5 kwenye kipimo cha uchakavu, ubadilishe; ukingoja, kaseti itafuata. Sehemu ya chini ya foku za RockShox inataka mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha, na vumbi letu halina huruma kwa anayesahau.

Usikubali kamba ya mpira ivutwe juu ya bomba la fremu kwenye paa la taksi. Kaboni inabeba mzigo mkubwa kwa upande iliyotengenezewa, lakini inapondeka kwa kubanwa ubavuni. Toa gurudumu la mbele, ifunge kwa magurudumu na krenki, au ilaze kwenye buti la basi upande wa mnyororo ukiwa juu. Karakana vilevile, baiskeli ishikwe kwa bomba la kiti linaloingia kwenye fremu, si kwa fremu yenyewe. Bolti zote kwa spana ya torki, namba mara nyingi imeandikwa pembeni. Stemu nyingi ni Nm 5.

Na kwa kuwa katoni umeshalilipia kilo 58 huku ndani kuna kilo chini ya 20, lijaze kabla halijafungwa: minyororo miwili na viungo vyake vya haraka, vishikio viwili vya derela, jozi nne za pedi, seti mbili za sili za foku na mbili za shokapu, seti moja ya beringi za fremu, lita moja ya silanti, viini vya vali, waya na ganda la gia. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi iache. Kila kipuri kiandikwe kwenye ankara na bei yake, ili katoni likifunguliwa Entebbe kilichomo kilingane na karatasi.